Mgeni wa Serikali na Makochi ya Jirani

Serikali inapotunga sheria nzuri, watu wa Mji wa Kale huwa wa mwisho kuisikia na wa kwanza kuiharibu. Nasema hivi bila chuki. Mimi ni wa hapa, nimezaliwa hapa, nimesomesha Kiswahili shule ya msingi hapa hapa mpaka nikastaafu, na katika mkasa huu nilikuwa mstari wa mbele wa waharibifu.

Mwenye mkasa ni mjomba wangu, ndugu wa mamangu, mpishi wa shughuli. Harusi, akika, hitima, zote hupika yeye. Watu wakisikia biriani ni lake, hufika hata wale waliogombana na mwenye harusi. Hana duka, hana shamba, hana pensheni. Ana masufuria sita makubwa ya kupikia uani, na miiko mirefu ya mti, basi. Mkewe alifariki zamani, watoto hawakujaaliwa, na kwa hivyo kila jambo lake lenye karatasi huniangukia mimi.

Deni lake lilianzia Kizingo. Bwana mmoja wa huko alioza binti yake, akataka biriani la watu mia sita, akalipa nusu, na nusu ya pili akasema, "Nitakutumia Ijumaa." Hakusema Ijumaa ya mwezi gani. Mjomba alikuwa ameshachukua mbuzi kwa mchinjaji na mchele dukani kwa ahadi ya siku tatu. Alikwenda Kizingo mara mbili kudai haki yake. Kule watu huenda kwa magari, na mzee wa kanzu anayefika kwa miguu, mlinzi wa getini humuuliza kama amekuja kuomba sadaka. Mara ya pili hakuulizwa, alipewa shilingi hamsini moja kwa moja. Alirudi nyumbani akaniambia hatakwenda tena hata kama bwana yule atamwita kwa ngoma.

Ndipo mikopo ya simu ikamfungulia mlango. Mikopo hii, kwa asiyeijua, haingoji uiombe. Hukuandikia yenyewe: Hongera, umestahiki, bonyeza moja kukubali. Mjomba alilelewa kwamba mtu akikukaribisha, kukataa ni utovu wa adabu. Akabonyeza moja, akamlipa mchinjaji. Mwezi ulipokwisha, mkopo wa pili ukamkaribisha alipe wa kwanza, wa tatu ukamkaribisha alipe wa pili, na nilipokuja kugundua alikuwa amekaribishwa na kampuni sita za simu na moja ya mjini, yenye ofisi na viti vya kuzunguka, ambayo alikuwa ameiandikia masufuria yote sita kuwa rehani.

Nilimgombeza. Ni mkubwa kwangu kwa miaka ishirini, alinibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, na nilimgombeza kama mtoto aliyesahau kazi ya nyumbani.

"Mjomba, mtu mzima hakopi kwa kubonyeza!"

"Hukopa kwa nini?"

"Hukopa kwa akili!"

Nilikuwa na maneno mengi ya namna hiyo siku zile.

Wakati ule kampuni za simu zilikuwa na tabia chafu. Ukichelewa kulipa, ziliwapigia watu wote waliomo kwenye simu yako kuwatangazia kwamba wewe ni mdeni. Kwengine nasikia dawa hiyo ilifanya kazi sana, watu waliuza mpaka viatu. Huku Mji wa Kale dawa hiyo ilikutana na salamu. Kijana mmoja wa kampuni alimpigia mama wa ghorofani, jirani anayekaa juu ya nyumba ya mjomba, mwanamke ambaye hajawahi kukata mazungumzo na binadamu yeyote.

"Unamjua huyu mzee?" kijana akauliza.

"Assalamu alaykum," akasema mama wa ghorofani.

"Ee, alaykum. Unamjua huyu..."

"U hali gani, mwanangu? Wazee wako hawajambo? Mama yu hai? Wakaa wapi? Umeoa?"

Mimi nilikuwapo, na simu ilikuwa imewekwa ya kusikika na wote. Hata walipofika kwenye deni, kijana alikuwa ameshakiri kwamba hajampigia mamake tangu mwezi uliopita. Mama wa ghorofani akamwamuru ampigie kwanza, kisha ndipo arudi kuzungumza mambo ya pesa. Kijana akakata simu. Nasadiki alimpigia.

Kisha serikali ikaingilia kati. Wakopeshaji wa simu wakalazimishwa kuchukua leseni, wakakatazwa kutukana watu na kuwasumbua jamaa wasiohusika. Mimi nilifurahi. Mama wa ghorofani alihuzunika.

"Mbona yule kijana wa deni hapigi tena?" aliniuliza. "Nami nshamtafutia mchumba."

Lakini kukatazwa kutukana si kusamehe. Ile kampuni ya viti vya kuzunguka haikutukana hata kidogo. Iliandika barua safi yenye mhuri: asipolipa kabla ya mwezi wa kufunga, madalali watakuja kuchukua masufuria. Tulikuwa tumeshaingia Shaabani, na mjomba alikuwa ameshashika harusi mbili za mfunguo mosi, mwezi wa Idi. Bila masufuria angekwenda kwenye harusi hizo kama mwalikwa, na mwaka unaofuata hata mwaliko usingekuja. Aliisoma barua, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu, na kwa siku kadhaa nilimwona akiugusa mfuko ule kama mtu mwenye maumivu ya mbavu.

Dawa niliipata Mwembe Tayari, wala sikwenda kuitafuta. Nilikuwa nimemsindikiza mgeni kupanda basi la bara, nikaona watu wanaingia ukumbini, na ndani mna feni na soda. Walikuwa maafisa wa serikali wakieleza sheria ya kufilisika. Aliyezungumza alikuwa binti mwembamba wa miwani, kwao Kaloleni, Kiswahili chake kimenyooka hata nikatamani kumpa alama. Alisema sheria sasa ina mlango wa mtu aliyeshindwa na madeni, asiye na mali wala njia ya kulipa. Anaomba, anachunguzwa, akikubaliwa wanaomdai wanasimamishwa, na baada ya mwaka mmoja deni linafutwa. Vifaa vyake vya kazi haviguswi.

Nikasimama. "Hata sufuria?"

"Kama ni ya kazi, hata sufuria."

"Hata sita?"

Watu wakacheka. Binti akasema inategemea anapikia wangapi. Kisha akainua kidole, na sura yake ikabadilika.

"Sharti asifiche kitu. Akificha hata kabati, mlango umefungwa."

Nilitoka mle na fomu mkononi, na soda yangu sikuimaliza.

Kumshawishi mjomba kulichukua wiki nzima, na sababu ilikuwa neno moja. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, mimi nikamtafsiria, na kosa langu lilikuwa kutafsiri sawasawa. Nilisema "mufilisi". Kwa watu wetu mufilisi si hali ya mtu, ni tusi. Watoto wakirushiana neno hilo barazani, mama hutoka na kandambili.

"Mimi si mufilisi," alisema mjomba. "Mimi nimebanwa."

"Umebanwa na kampuni saba."

"Basi andika nimebanwa sana."

Tulipofika penye orodha ya mali, nilimtazama na yeye akatazama ukuta. Nyumba ilikuwa tupu. Alikuwa ameuza makochi, meza, kabati la nguo na kitanda cha marehemu mkewe, kimoja kimoja, kwa watu wa mbali ili jirani wasione. Jirani waliona, wakajifanya hawakuona. Palibaki mkeka, godoro na yale masufuria uani.

"Mali uliyonayo," nikasoma. "Niandike nini?"

"Andika Alhamdulillah."

"Mjomba, fomu yataka jibu."

"Hilo ndilo jibu."

"Yafaa niandike 'Hakuna'."

"Usikufuru."

Tukapatana njiani. Fomu ilikwenda serikalini imeandikwa: Alhamdulillah, hakuna. Masufuria niliyaandika mahali pake, kwenye vifaa vya kazi, kwa herufi kubwa. Siku chache baadaye yule yule binti wa miwani akanipigia. Angekuja Alhamisi, saa nne asubuhi, kuiona nyumba kwa macho yake.

Jumatano, baada ya sala ya alasiri, mjomba alimwambia maalim wa chuo cha Kurani cha mtaani petu, "Kesho nina mgeni wa serikali." Hakusema mgeni wa nini. Angewezaje? Alikuwa anataka kuazima vikombe viwili vya kahawa tu. Lakini maalim alisikia "mgeni", akasikia "serikali", na akaijua nyumba ile ilivyo. Akaenda kumwambia mama wa ghorofani, na kumwambia mama wa ghorofani ni sawa na kupanda mnarani.

Kuna jambo moja watu wetu wanalifanya kuliko wote. Jirani akiwa uchi, hatumuulizi nguo zimekwenda wapi, tunamtupia kanga. Kesho pengine tutamsengenya, Mungu atusamehe, lakini leo tutamsitiri, na atakayeuliza swali ataonekana hana malezi.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilifika nikakuta kochi limekwama kichochoroni. Kichochoro chetu ni chembamba, mtu mwenye kikapu na mwenye mimba hawapishani bila kuombana radhi. Hamali mmoja alikuwa chini ya kochi, mwengine nyuma akisukuma, na mawili zaidi yalikuwa yakisubiri zamu yao juu ya mkokoteni. Mama wa ghorofani aliongoza kutoka dirishani.

"Kulia! Si kulia kwako, kulia kwangu!"

"Kuna nini?" nikauliza.

"Mjombako yuwajiwa na mgeni wa serikali, weye wauliza kuna nini? Ataketi juu ya nini, juu ya heshima?"

Nikaduwaa. Katika mtaa mzima, ukimtoa mjomba, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kila mto wa kochi unaoingia mle ndani unatoa sufuria uani. Ilinipasa niseme, basi, simameni! Lakini kuwasimamisha ni kueleza, na kueleza ni kutangaza kwamba mjomba amejiandikisha serikalini kuwa mufilisi. Nilifungua kinywa mara tatu nikakifunga mara tatu. Mjomba mwenyewe alikuwa amesimama pembeni ya mlango wake, akiitikia "Ahsanteni, Mungu awalipe," kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. Maalim akapita na friji, akisaidiwa na mwanawe. Muuza vitambaa wa nyumba ya mkabala akapita na zulia begani, akanitazama mikono mitupu.

"Mwalimu, weye huleti kitu?"

Nina akili timamu na cheti cha ualimu. Ile fomu nilikuwa nimeisoma mara tano. Nikaenda nyumbani nikaleta runinga.

Runinga yenyewe nilikuwa nimeichukua dukani kwa malipo ya kila wiki, na wiki saba nilikuwa sijalipa. Wenye duka waliifunga huko huko waliko, sijui kwa mitambo gani. Ukiiwasha, haikuonyeshi mtu wala ng'ombe, inakuandikia tu kwamba malipo yamechelewa. Hakuna aliyelijua hilo, na mjomba ndiye wa mwisho niliyetaka alijue, maana ndiye niliyekuwa nikimhubiria akili. Runinga ya namna hiyo kuiazimisha hakuna hasara. Niliiweka juu ya kimeza nilichokuja nacho, nikaitandikia kitambaa cha kufuma, na waya nikausokomeza nyuma asije mtu akauchomeka.

Hesabu yangu ilikuwa kumngojea afisa mwanzo wa kichochoro nimnong'oneze kabla hajafika. Lakini aliingia saa nne kasoro dakika kumi, kwa kichochoro cha upande wa pili. Mtumishi wa serikali aliyewahi! Nani angejiandaa kwa hilo? Nilipogeuka alikuwa ameshavua viatu mlangoni, anaamkua.

Ndani walikuwa wameketi maalim, mama wa ghorofani na muuza vitambaa, kwa sababu mgeni wa heshima haachwi na mtu mmoja. Ilitolewa kahawa, ikatolewa kaimati. Aliulizwa kwao, akaulizwa wazee wake, na kwa kuwa ni mtu wa pwani aliuliza naye ya kwetu, moja moja, bila haraka. Nilianza kuamini kwamba salamu zitafika adhuhuri aondoke. Hazikufika. Alifungua faili, akaweka miwani sawa.

"Mzee, hapa umeandika, 'Alhamdulillah, hakuna.'"

"Naam."

Akatazama kochi alilolikalia. Akatazama friji, zulia, runinga na kitambaa chake. "Na hivi?"

Mjomba akavitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Angesema si vyangu, angewaadhiri waliomsitiri, mchana kweupe, mbele ya mgeni, na wao wameketi hapo hapo.

"Alhamdulillah," akasema.

Afisa akaiweka kalamu juu ya faili. Kisha akasema kwa upole, tena polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. "Mzee, mimi huandika ninachokiona na ninachoambiwa. Nikiandika vitu hivi ni vyako, ina maana ulivificha kwenye fomu, na ombi lako la kusamehewa madeni limekwisha leo. Wanaokudai watarudi, na madalali watayachukua masufuria. Kama si vyako, mwenyewe aseme."

Mama wa ghorofani aliweka kikombe chini. Alinigeukia, na macho yale sitayasahau.

"Mwalimu. Ulikuwa wayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua."

"Na ukatuwata tukasukuma makochi?"

Hakungoja jibu. Alimgeukia afisa, akaliweka buibui lake sawa, akasema kwa sauti kubwa, "Makochi ni yangu."

"Una risiti, mama?"

Akaitoa kifuani, imekunjwa mara nne. Afisa akaifungua, akaisoma, akaisoma tena. "Hii ni ya malipo ya kwanza."

"Naam. Yaliyobaki ni kila mwezi."

"Umelipa miezi mingapi?"

"Huo wa kwanza," akasema mama wa ghorofani, akatazama dirishani.

"Basi bado ni ya duka."

"Ni ya duka kwa kuuza. Kwa kukalia ni yangu."

Maalim akakohoa. Ni mtu mwenye haya, hata akisomesha hutazama ukuta wa nyuma. Alisema friji ni yake, ila imeandikwa dhamana kwenye chama alichokopa, na mwezi huu amechelewa, na wenzake wa chama wamesema watakuja kuibeba Jumamosi. "Kwa hivyo nilipomsitiri jirani," akasema, uso umemwiva, "ukweli niliona pia heri ikae huku." Muuza vitambaa akaangua kicheko, kisha akakumbuka kwamba zamu iliyobaki ni yake. Zulia, akasema, ni mali kauli. Amelichukua kwa tajiri wa jumla bila kulipa chochote. Likiuzwa atamlipa, lisipouzwa atamrudishia.

"Tafadhalini," akaongeza, "kama yawezekana, lisikanyagwe sana."

Afisa akainua miguu yake juu ya zulia, akaiweka pembeni kwenye sakafu. Sote tukainua yetu. Tukawa tumeketi hivyo, watu wazima na miguu pembeni, naye anaandika. Alipomaliza akasema, "Humu ndani mpaka sasa sijaona kitu ambacho ni cha mtu." Nilimwona mjomba akiwatazama wenzake mmoja mmoja. Miezi yote ile alikuwa akidhani Mji wa Kale mzima umetulia isipokuwa yeye.

Ikabaki runinga.

"Na hii?" akauliza afisa.

Nilijua ni zamu yangu. Maalim amesema, mwenye zulia amesema, mama wa ghorofani amesema na risiti ametoa, na mimi mwalimu, mwenye maneno ya akili, nikatazama kitambaa cha kufuma kana kwamba hesabu yake ya nyuzi ndiyo iliyonileta. Mjomba akanitazama. Akautazama ule waya uliosokomezwa nyuma. Akanitazama tena usoni, na nadhani alielewa yote.

"Hiyo ni yangu," akasema.

Kalamu ya afisa ikasimama. "Mzee, fikiri. Kwenye fomu hukuitaja. Nikiiandika ni yako, siwezi kukusaidia tena. Masufuria yatakwenda."

"Andika, binti yangu. Ni yangu."

Alilisema hilo ametulia, mikono magotini, kama mtu anayekubali sahani ya pili. Kalamu ikagusa karatasi.

"Si yake!"

Sauti ya mwalimu haijui kunong'ona, hata akistaafu. "Si yake, ni yangu! Nimeikopa, wiki saba sijalipa, imefungwa, haionyeshi hata taarifa ya habari! Mwandike mtu mwengine, niandike mimi!"

Kichochoro kizima kilisikia. Barazani nje, hamali waliokuwa wakingojea kurudisha makochi wakasema, "Lo!"

Afisa hakunicheka, na kwa hilo namwombea mpaka leo. Aliandika, akafunga faili, akatoka uani akayaona masufuria kwa macho yake, akayahesabu sita, akasema ni ya kazi. Alipokuwa akivaa viatu alitoa mkobani fomu nyingine kama ile ya mjomba, akanipa. Mama wa ghorofani akanyoosha mkono.

"Na mimi nipe moya, ya kusoma tu."

Maalim naye alitaka yake, akiwa ametazama ukuta.

Ombi lilikuja kukubaliwa, na harusi mbili za mfunguo mosi zilipikwa, na biriani liliisha. Lakini ninalolikumbuka mimi ni la siku ile ile, baada ya makochi kutolewa, zulia kukung'utwa, friji kurudi kungojea Jumamosi yake. Nilibaki mimi na mjomba juu ya mkeka. Nilikuwa naona aibu, nasema bila kuficha, aibu ya kutaka ardhi ifunguke. Nilitegemea atanicheka, au atanirudishia angalau moja katika yale maneno yangu ya akili. Alikuwa na hasira, lakini si ya deni langu.

"Nani alokwambia useme?" akaniuliza. "Ungenyamaa tu."

"Ninyamaze upoteze masufuria? Masufuria sita, mjomba, kwa tivi mbovu?"

Akainuka kwa taabu, akishika goti, akachukua kikombe changu kitupu na chake.

"Masufuria yauzwa dukani, mwanangu," akasema, akaingia jikoni.